Gaju Ndani ya Zawara Saba

Siku tableti ya Zawara 7 ilipozinduliwa mjini Mbarara, aliyepewa kipaza sauti alikuwa Umwiza binti Rwakabuba, mkimbizi wa kambi ya Nakivale. Lori liliegeshwa kando ya barabara kuu, likapambwa maputo ya njano, muziki ukapigwa mpaka wauza matoke wakashindwa kusikilizana na wateja wao. Mbabazi, mwenye duka la simu na mwajiri wa Umwiza, alimchagua yeye kwa sababu aliweza Kiswahili, Kifaransa, Kinyankole na lugha ya kwao. Sababu ya pili hakuificha: binti alikuwa mrefu, na kitu kikishikwa na mtu mrefu huonekana kutoka mbali.

"Skrini ya inchi saba! Laini mbili! Kamera ya mbele, kamera ya nyuma!" Umwiza alitangaza, tableti kaiinua juu ya kichwa. "Betri ya kutwa nzima! Ina nafasi ya memori kadi, unaweka nyimbo, unaweka video za harusi, unaweka mahubiri!" Watu walisogea. Kisha akafika kwenye ile sifa ambayo Mbabazi alimfundisha kuiacha mwisho, kama nyama ya pilau. Video yoyote ukiigusa, inasimama. Ikisimama, unaweka vidole viwili juu yake na kuvitanua, na kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa. Maneno yakiwa marefu, unayasukuma kwa kidole, yanapita. "Gusa, simamisha, kuza!" akaimba, na umati ukaitikia naye. Wanadamu tunapenda sana kuambiwa kwamba macho yetu hayatoshi.

Hiyo ilikuwa Machi 2014. Tableti za kwanza zilitoka kama maandazi ya asubuhi. Umwiza alifurahi na wenzake, lakini yeye alikuwa na haja yake mwenyewe na mashine ile, haja ambayo Mbabazi hakuijua. Alitaka kuolewa.

Mchumba wake aliitwa Nehemiya, dereva wa bodaboda pale Nakivale, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, kijana mpole kiasi cha kuchekwa na wenzake wa stendi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa baba. Mzee Rwakabuba alikuwa mfugaji asiye na ng'ombe, na hakuna mtu mgumu kuridhisha kuliko huyo. Kwao, kwenye milima ya juu ya Uvira, aliwahi kuwa na zizi la kutajwa. Nakivale alipewa kiwanja cha kulima mahindi, naye aliyalima kwa hasira, jembe likigonga ardhi kana kwamba limekosewa. Umwiza ndiye aliyembakia. Kaka yake, Musoni, aliuawa kwenye malisho ya mbali, kiangazi cha mwaka 2002, na watu wenye silaha waliokuja kuchukua kundi lote. Mzee alimzika mwanawe kwa mikono yake, akashuka mlima, hakurudi.

"Nehemiya ni kijana muzuri, sikatale," alikuwa akisema. "Lakini mutu haoe peke yake, anaoa na batu yake. Miye batu yake sijabaona. Sura yabo iko namna gani? Ng'ombe yabo iko namna gani? Mutoto yangu siwezi mutupa mu giza."

Na batu yake, yaani watu wa Nehemiya, walikuwa upande mwingine wa milima ile, mwendo ambao mzee wa miaka yake hangeuweza hata kama njia zingekuwa salama. Ndipo Nehemiya akapata memori kadi. Msafiri mmoja kutoka Uvira alimletea, ndani yake mna video ya harusi ya kaka yake mkubwa, Semahoro, iliyofanyika Januari ile. Nehemiya aliitazama kwenye kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, tena na tena. Hotuba za wazee aliziruka, kama vijana wote wanavyoziruka, akaenda moja kwa moja pale mama yake anapocheza. Kadi yenyewe akampa Umwiza.

"Ile mashine yako ya kuimbia Wanyankole," akamwambia akicheka, "iko na kioo kubwa. Papa yako aone batu yangu fasi moja, wote. Atakosa neno."

Umwiza aliona huo ndio mpango wa busara kuliko yote aliyowahi kuisikia. Akamwendea Mbabazi, akamshawishi kwamba Nakivale kuna soko.

"Ni kweli, nyabo," Mbabazi akakubali, kwa neno la Kinyankole la kumwita bibi. "Ile watu yako iko na ndugu Amerika, inataka kuona sura. Nenda nayo Pasaka. Lakini Jumanne nataka hii kitu hapa kwa meza. Ikianguka, na wewe umeanguka."

*

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, walikaa nyumbani kwa Rwakabuba, mlango wazi, chai ya maziwa mezani. Mzee alikalia kiti chake, kofia gotini. Mchungaji Eliezeri alialikwa awe shahidi, maana mambo ya uchumba hayaendeshwi bila mtu wa pembeni. Nehemiya alikaa kwenye benchi karibu na mlango, shati jeupe, viganja katikati ya magoti. Umwiza aliisimamisha tableti juu ya meza, akaiegemeza kwenye Biblia ya baba yake, akaanzisha.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko alivyoomba. Wakwe walionekana mlangoni pa hema, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Mzee alisogeza kiti. Akauliza huyu nani, yule nani, na Nehemiya akajibu. Mama yake Nehemiya alipopita na kitenge chake cha bluu, Rwakabuba alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mama iko na heshima," alisema, na Umwiza akamwongezea baba yake chai. Alijiona tayari ndani ya nyumba yake, akimkaribisha baba yake huyohuyo kunywa chai.

Kisha wakaingizwa ng'ombe wa mahari.

Kwa watu wa milima ile ng'ombe wa mahari hawafikishwi tu na kufungwa. Huletwa mbele ya watu, na msemaji wa upande wa mwoaji husimama kando ya kila mmoja, fimbo mkononi, akataja rangi yake, mama yake, na zizi alikotoka. Ng'ombe ana ukoo kama mtu, na ukoo wake husemwa kwa mdomo, hadharani, ili kesho asitokee wa kubisha. Wa kwanza alipita, akasemwa. Wa pili akapita. Wa tatu alipoletwa, Rwakabuba aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Simamisha."

Umwiza aligusa. Picha ikaganda.

"Kuza."

Akaweka vidole viwili, akavitanua, hata akaona fahari kidogo kwamba baba yake amejifunza maneno ya tangazo. Ng'ombe akajaa kioo: rangi ya kahawia iliyopauka, mkanda mweupe unaozunguka tumbo, pembe la kushoto limeinamia jicho. Pembeni, nusu yake nje ya picha, alibaki msemaji, fimbo juu, mdomo wazi. Alikuwa amekatwa katikati ya neno.

Mzee alimpitisha ng'ombe yule kidole, kuanzia pembe, shingo, mkanda.

"Hii ni ya Gaju," alisema.

Umwiza alikunywa maziwa ya Gaju utotoni. Huyo ndiye aliyekuwa mama wa zizi lao, kahawia iliyopauka, na mkanda ule, na pembe lile ambalo wageni walilicheka na mzee akawajibu kwamba pembe halikamuliwi. Gaju alifia nyumbani, kwa uzee. Lakini alikuwa ameacha mtamba wa sura yake, na mtamba yule alikuwa kwenye malisho na Musoni kiangazi kile. Mzee alimhesabu pamoja na waliochukuliwa.

"Mutoto yangu alikufa juu ya hizi ng'ombe," alisema Rwakabuba, bila kupaza sauti. Alimgeukia Nehemiya. "Na bale banatolea nazo mahari. Kwenu. Sasa minajua batu yako."

"Papa, hapana." Nehemiya alisimama. "Miye nilitoka kule nikiwa kijana mudogo, hayo yote hayajafanyika. Hii ng'ombe sijue kwenye ilitoka, lakini kwetu hatuibe. Wacha nimuite Semahoro. Sasa hivi, na hii hii mashine, umuulize weye mwenyewe."

"Ng'ombe haisemewe kwa simu!" Sasa sauti ilipanda. "Tangu lini? Mutu atanidanganya akiwa juu ya mulima kule, miye nimuone wapi macho? Ng'ombe inasemewa mbele ya batu. Lete mutu. Akuje asimame hapa, aniambie hii ng'ombe ilitoka wapi."

Mchungaji Eliezeri aliomba wote watulie. Alisema ng'ombe hufanana. Alisema leo ni siku ya kufufuka kwa Bwana. Umwiza, asijue afanye nini na mikono yake, alipeleka kidole ili picha iendelee, angalau yule ng'ombe aondoke machoni pa baba yake. Mzee alichukua kofia yake gotini, akaifunika tableti.

"Wacha. Nimeona," alisema. "Macho yangu inatosha."

Yalimtosha kweli, na hapo ndipo penye kosa, kosa ambalo mkulima wa mahindi hangeweza kulifanya hata angetaka. Mkulima angeona ng'ombe tu. Rwakabuba aliona ukoo mzima, akaona sawasawa, asikosee hata unywele, na kwa kuwa aliona sawasawa hakuona haja ya kusikia.

Umwiza alimtazama Nehemiya. Hakukusudia kumtazama vile. Lakini alilikumbuka blanketi walilomzungushia Musoni siku ya kumzika, na macho hayana pazia. Kwa kitambo kifupi alimtazama mchumba wake kama watu wanavyomtazama mwizi sokoni, na Nehemiya aliliona jicho lile. Akainamisha kichwa, akaaga kwa adabu, akatoka. Pikipiki yake haikuwaka mara ya kwanza. Walimsikia akiipiga teke, na hakuna aliyetoka kumsaidia.

*

Jumanne tableti ilikuwa mezani kwa Mbabazi kama ilivyoagizwa. Umwiza alikuwa hajalala vizuri, hakukumbuka hata kuitoa kadi. Siku hiyohiyo lori la uzinduzi likaichukua pamoja na nyingine za maonyesho, likaenda Kabale, kisha Kasese, kisha Fort Portal, kuwaimbia watu wa huko gusa, simamisha, kuza.

Nehemiya hakugombana na mtu. Alifanya lile aliloambiwa: kumleta mtu, wala si kupiga simu. Mwezi wa tano alimwachia rafiki pikipiki, akaja Mbarara, akashuka mtaa wa Ruti ambako Umwiza alipanga chumba, maana basi la Kabale hupita hapo. Walisimama kando ya barabara, mfuko wake wa nguo miguuni.

"Ninaenda nimulete Semahoro," alisema. "Papa yako anataka mutu, nitamuletea mutu."

"Njia iko namna gani?"

"Batu banapita." Akauinua mfuko wake. "Umwiza, ile kadi. Nipe niangalie mama kiloko, kidogo tu, mu njia."

"Ilienda na lori."

"Ah. Haina neno. Nitamuona yeye mwenyewe."

Umwiza angeweza kumwambia usiende. Neno hilo moja alilibeba mdomoni muda wote basi linapokaribia. Angeweza pia kumwambia, mimi nakuamini. Hakuyasema kwa sababu hayakuwa kweli yote. Sehemu yake moja ilitaka jibu sawasawa na baba yake, ilitaka mtu asimame aseme ng'ombe yule alitoka wapi. Nehemiya alipanda. Alikaa dirishani akampungia mkono mpaka malori yakamficha.

Habari zilikuja mwezi wa sita. Hazikuja kwa simu. Mchungaji Eliezeri alizileta mwenyewe: alifika Ruti asubuhi na akina mama wanne wa kanisa, na Umwiza alipofungua mlango akawaona wamejipanga, vitenge mabegani, akajua. Alikaa chini palepale kizingitini. Nehemiya alikuwa amevuka mpaka salama, akafika Uvira salama, akaanza kupanda mlima na wachuuzi wawili wa chumvi. Watu wenye silaha waliwakuta kwenye njia ya miguu. Semahoro aliwazika wote watatu, kisha akapanda kilele chenye mtandao akampigia Mchungaji. Alikuwa na swali moja: mdogo wake alikuwa anakuja kufanya nini, bila kuwaambia?

Nani angemjibu? Umwambie mtu aliyetoka kumzika ndugu yake kwamba ndugu alikuwa anakuja kumwita ajibu kesi ya wizi? Mchungaji alisema poleni, Mungu awatie nguvu, na mtandao ukakatika, naye, Mungu amsamehe, akashukuru kwamba umekatika.

Rwakabuba alipoambiwa, aliweka jembe chini. "Mungu ameamua," alisema.

Kwa maneno hayo mawili Umwiza alimchukia baba yake. Aliendelea kumpelekea sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi, akamsalimu inavyopasa, akamwamkia na kumuaga. Zaidi ya hayo hakuwa na neno kwake.

*

Agosti, Zawara 8 ikatangazwa. Nyembamba zaidi, kamera kali zaidi, na ile ya saba, iliyokuwa mwisho wa maarifa ya binadamu mwezi Machi, ikageuka takataka ya kuuzwa haraka. Lori lilirudi na tableti za maonyesho zimechubuka pembe. Mbabazi alizimwaga mezani.

"Nyabo, futa vitu yote ndani. Safisha kioo. Uza. Wiki ijayo sitaki kuona saba hapa dukani."

Umwiza alikuwa akizifuta alipoingia mteja, mwanamume wa makamo kutoka Kakiika mwenye ng'ombe wa maziwa, viatu vya mpira miguuni. Alitaka cha bei ya kushuka. Akaichukua moja, akaigeuzageuza.

"Sauti yake iko namna gani? Mimi masikio si nzuri."

Umwiza alitafuta chochote chenye sauti. Kwenye ile iliyokuwa mkononi mwa mteja kulikuwa na kadi, na ndani ya kadi mlikuwa na video moja. Aliijua kabla haijafunguka. Angeweza kuifunga. Lakini mteja alikuwa ameshaigusa, na mashine zile hukumbuka mahali ulipoishia: ng'ombe akajaa kioo, kahawia, mkanda, pembe. Mteja akaguna kwa kupendezwa, kama Mnyankole yeyote angeguna. Akagusa tena. Picha ikarudi ukubwa wake, na msemaji, aliyekuwa amesimama mdomo wazi tangu Pasaka, akamalizia neno lake.

"...mjukuu wa Gaju," alisema, kwa lugha ya milimani, sauti ya mtu aliyezoea kusikiwa mbali. "Hatukumnunua. Hatukumnyang'anya mtu. Mama yake tulipewa na Musoni mwana wa Rwakabuba."

Umwiza aliipokonya tableti mikononi mwa mteja.

"Nyabo!" mtu yule alishangaa. "Na mimi nataka kununua!"

Alikwisha fika mlangoni. Mbabazi alimwita kwa jina, kisha kwa matusi. Umwiza hakugeuka. Ndani ya teksi ya kwenda Nakivale aliikumbatia mashine kifuani kwa mikono miwili, wala hakuiwasha. Aliogopa betri. Aliogopa zaidi kusikia yaliyobaki akiwa peke yake.

Alimkuta mzee shambani, jua la mchana, akivunja mahindi. Hakumwamkia. Rwakabuba aliona kile alichokibeba akageuza uso.

"Sitaki kuona ile kitu."

"Si kuona, Papa. Ulisha ona. Sasa sikia."

Labda ni namna alivyolisema. Mzee aliketi juu ya gunia la mahindi. Umwiza akachuchumaa mbele yake, akaishika tableti kwa mikono yake mwenyewe, maana hapakuwa na Biblia ya kuiegemeza, akairudisha nyuma kidogo na kuiacha iende. Safari hii hakugusa, hakusimamisha, hakukuza.

"Huyu mnayemwona ni mjukuu wa Gaju," alisema msemaji. "Hatukumnunua. Hatukumnyang'anya mtu. Mama yake tulipewa na Musoni mwana wa Rwakabuba. Kiangazi kile kijana alilala kwetu na homa, siku nyingi, mama yetu akamuuguza kama aliyemzaa. Alipopona alimleta mtamba kwa mkono wake, akampa marehemu baba yetu. Akasema, nitakwenda kumwambia baba yangu mwenyewe, uso kwa uso. Hakufika nyumbani. Alirudi malishoni kuaga wenzake na huko ndiko alikouawa. Kwa hiyo tunalisema sisi, leo, mbele ya watu, ili asitokee mtu kesho akasema tumeiba."

Watu ndani ya video waliitikia kwa pamoja, kama inavyopasa. Rwakabuba alikuwa amekaa wima. Hakuitazama picha. Alikuwa ametazama chini, kati ya miguu yake, sikio moja limeelekezwa kwenye mashine.

"Na ndama wake wa kwanza hayumo katika mahari hii," msemaji aliendelea. "Tumemtenga. Huyo ni wa kurudisha. Ndugu yetu Nehemiya yuko ukimbizini, na Mungu, anayejua anachofanya, amempa mchumba katika nyumba ileile. Hatujamwambia Nehemiya jambo hili, kwa kuwa ng'ombe hasemewi kwenye simu. Siku atakapooa, Semahoro atashuka mwenyewe aseme mbele ya baba mkwe, na ndama wa Gaju atarudi kwa mwenye Gaju kwa mkono wa mkwe wake."

Mahindi yalikuwa yametulia, hapakuwa na upepo. Umwiza alilia bila kujificha, machozi yakidondokea kioo, naye akiyafuta kwa kanga ili yasije yakagusa mahali na kuisimamisha. Alilia juu ya jicho lile alilomtazama nalo Nehemiya. Alimlilia pia kaka yake, ambaye kwa miaka yote hiyo walimkumbuka kama mtu aliyenyang'anywa, kumbe jambo lake la mwisho duniani lilikuwa kutoa.

"Yamesemwa mbele ya batu," mzee alinong'ona. "Njo hivyo inasemwaga."

Msemaji alishusha fimbo yake, akaiegemeza begani mwa ng'ombe. Mwenye ukoo wa ng'ombe akitajwa, huitwa kwa jina, naye huitika, au huitika mtu wa nyumba yake. Ndivyo maneno yanavyofungwa. Msemaji akageuka huku na huku, akiwatazama watu waliokaa.

"Rwakabuba," aliita, "kama upo hapa, itika!"

Mzee alisimama. Alivua kofia. Akamshika binti yake bega, mara ya kwanza tangu Pasaka, na Umwiza hakulitoa bega lake.

"Nipo," alisema Rwakabuba.

Mle ndani msemaji alingoja kidogo, kama desturi inavyotaka. Aliposikia hakuna aliyeitika, akamgusa ng'ombe kwa fimbo, akaendelea na wa nne.